Tume ya Ushindani na Kalamu ya Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa Nyakitonto)



Bwana Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniachia nichague jambo mwenyewe, akaongeza neno moja tu, kwamba lisiwe tena jambo la mishahara na posho, maana hayo twayasema kila mkutano hata watoto wetu nyumbani wameyajua kwa moyo. Basi nimechagua jambo la bei. Mkilitazama vema mtaona ya kuwa ni ndugu wa mishahara, lakini sitavunja ahadi yangu kwa Katibu.

Nataka kusema habari za Tume ya Ushindani. Jina hilo twalisikia katika redio, hasa siku zile bidhaa za bandia zinapokamatwa na kuteketezwa, nasi hudhani kwamba kazi ya Tume ni hiyo tu. Kweli kazi hiyo inayo, kwa nguvu ya sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963. Lakini kazi iliyofanya Tume iundwe ni nyingine, nayo yatugusa sisi tushikao kalamu na madaftari kuliko tunavyofikiri.

Niruhusuni nianze na jambo langu mwenyewe, ambalo sina fahari nalo.

Nalipokuwa kijana, kabla sijaingia katika utumishi wa Serikali, nalifanya kazi ya karani wa mizani katika soko moja la nchi yetu hii ya Buha. Soko lenyewe sitalitaja, wala watu wake sitawataja. Msimu wa maharagwe walikuwa wakija wanunuzi watatu na magari yao. Kazi yangu ilikuwa kupima, kuandika uzito, na asubuhi ya siku ya soko kuandika bei kwa chaki juu ya ubao. Bei hiyo sikuitunga mimi. Jioni ya siku iliyotangulia wanunuzi watatu hao walikuwa wakiketi pamoja nyuma ya duka, wakila nyama ya mbuzi, nami nikiketi kando yao kwa sababu walinialika, na kabla ya kunawa mikono walikuwa wamekwisha kupatana: kesho hatutoi zaidi ya kiasi hiki. Kisha mmoja wao hunigeukia na kusema, “Karani, umesikia?” Nami hujibu kwamba nimesikia.

Siku moja mama mmoja mtu mzima alileta magunia mawili. Alikwenda kwa mnunuzi wa kwanza, akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu, kisha akarudi kwenye mizani yangu akaniuliza, “Mwanangu, hawa watatu wana mdomo mmoja?” Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo bei ya soko. Akayarudisha magunia yake nyumbani kwa baiskeli ya kukodi. Juma la pili akayaleta tena, maana ada ya shule ilikuwa imefika, na siku hiyo bei ya ubao ilikuwa imeshuka. Nikampimia, nikamwandikia hati yake, akaenda zake bila kunitazama.

Nalikuwa na daftari dogo nililoandika bei za kila siku ya soko kwa mapenzi yangu tu. Siku saba mfululizo wanunuzi wote watatu walitoa bei iliyo sawa hata shilingi. Daftari hilo liliishia kwa mwuza karanga, akalichana kufungia karanga zake. Sasa najua ya kuwa daftari lile, pamoja na masikio yangu, lilikuwa ushahidi ambao ofisi nzima ya Serikali ingetafuta mwaka mzima isiupate.

Maana fahamuni jambo hili, nalo ndilo kiini cha maneno yangu. Bei kuwa sawa si kosa. Wauza vitumbua watano wakiketi mbele ya stendi moja, bei zao zitakuwa sawa, kwa kuwa kila mmoja amtazama mwenzake, naye atakayezidisha hatapata mnunuzi. Huo ndio ushindani wenyewe. Kosa ni kupatana. Na mapatano hayaonekani juu ya ubao. Ubao waonyesha bei tu. Mapatano huonekana na yule aliyekuwapo walipokuwa wakila nyama.

Katika nchi yetu mambo haya hayakuanza na maharagwe. Wazee wetu waliokwenda Tanga na Morogoro kufanya kazi ya mkonge waliyajua vizuri. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao moja ya kuajiri watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ilichukua watu wengi kutoka Kasulu na Kibondo kwa mkataba, ndio walioitwa manamba. Waliowatetea wenye mashamba walisema kwamba ofisi ile iliwapa watu nauli, chakula na kambi za kulala njiani, na hayo yalikuwa kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba mwajiri aliyetafuta watu hakulazimika tena kushindana na mwajiri mwenziwe kwa kuongeza ujira. Mtu wa Nyakitonto mwenye nguvu za mikono yake alikuta mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo mabwana wote wameketi pamoja. Hapakuwa na sheria ya kuuliza habari hiyo.

Watu wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza. Marekani walitunga sheria yao mwaka 1890, na mwaka 1911 Mahakama yao Kuu iliamuru kampuni ya mafuta ya Standard Oil igawanywe vipande 34, kwa kuwa ilikuwa imeyashika mafuta ya taa ya nchi nzima.

Sisi tulipopata uhuru tulifuata njia nyingine. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikawapo Tume ya Bei, na Serikali ikawa ndiyo inayosema sabuni iuzwe kiasi gani na jembe kiasi gani. Wale wenye umri wangu wakumbuka Kampuni ya Biashara ya Mkoa na foleni zake. Bei ilikuwa nzuri sana katika karatasi, ila bidhaa haikuonekana. Mwaka 1983 vikaja vita vya wahujumu uchumi na walanguzi, na watu wakafukia sabuni na mabati ardhini. Mwaka uliofuata Serikali ikaanza kulegeza, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na kidogo kidogo bei zikaachwa zijipange zenyewe sokoni.

Hapo ndipo penye jambo. Serikali ilipoacha kupanga bei, ni nani aliyepaswa kuangalia kwamba wafanya biashara hawazipangi wao kwa siri? Ilitungwa sheria ya kwanza mwaka 1994, ikaonekana ina upungufu, ikafuatwa na Sheria ya Ushindani, namba 8 ya mwaka 2003. Kwa sheria hiyo ikaundwa Tume ya Ushindani, nayo ilianza kazi mwaka 2007. Pamoja nayo likaundwa Baraza la Ushindani, ambalo mwenyekiti wake ni jaji, ili asiyeridhika na uamuzi wa Tume apate pa kukata rufaa.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, simtaji maana yumo humu, aliniuliza kwa hasira kwa nini Tume haiji huku kushusha bei ya sukari. Nalimjibu kwamba Tume haipangi bei wala haishushi bei. Iliyopanga bei ni ile ya mwaka 1973, nasi tuliiona mwisho wake. Tume ya sasa hulinda njia ambayo bei hupatikana. Ni kama mwamuzi wa mpira: hafungi bao kwa ajili ya timu yoyote, lakini akiona wachezaji wa timu mbili wamepatana kabla ya mchezo kwamba matokeo yatakuwa sare, hapo anayo filimbi. Na ninyi wengine mnaolalamikia lumbesa, ile gunia iliyoshonewa kilemba juu, mlalamike, lakini pelekeni malalamiko yenu kwa Wakala wa Vipimo. Bei za petroli zasimamiwa na EWURA, na ubora wa bidhaa ni wa Shirika la Viwango. Kila barua na meza yake, kama tunavyojua sisi makarani.

Sheria ya mwaka 2003 yakataza mambo matatu makubwa katika mapatano ya washindani: kupanga bei, kususia mtu kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Mapatano ya namna hiyo yamekatazwa kabisa, wala hauhitaji kuuliza kwanza kama wapatanao ni wakubwa au wadogo. Nasema hayo kwa sababu wengi hudhani sheria hii ni ya makampuni ya Dar es Salaam tu. Wanunuzi watatu wa maharagwe wenye magari mabovu wamo ndani yake. Tena sheria yamkataza mwenye nguvu kubwa katika soko kuitumia nguvu hiyo kumfungia mwenziwe mlango, na yataka makampuni makubwa yanayotaka kuungana yaombe ruhusa kwanza. Adhabu iliyowekwa na sheria hiyo ilipotungwa ilikuwa faini ya kati ya asilimia 5 na asilimia 10 ya mapato ya mwaka. Si ya faida, Mabwana, ni ya mapato.

Nitatoa mifano miwili ya mambo makubwa, kisha nirudi kwetu.

Wa kwanza ni wa bia, nawaomba radhi wale wasiokunywa. Mwaka 2002 makampuni mawili makubwa, moja la Kenya na moja la Afrika Kusini, yalichoka kupigana. Yakapatana: yule wa Kenya akapata asilimia 20 ya kampuni ya bia ya Tanzania, na yule wa Afrika Kusini akapata asilimia 20 ya kampuni ya bia ya Kenya. Kiwanda cha Moshi kikafungwa, na kile cha Thika kikafungwa. Kwa hiyo katika Tanzania mshindani mmoja akaondoka kwa siku moja. Hapo Tume yetu ilikuwa bado haijaanza kazi. Baadaye ikaja kampuni ya Serengeti kushindana. Serengeti ililalamika mbele ya Tume kwamba mabango na alama zake zaondolewa katika mabaa, na kwamba wenye mabaa wanafungwa kwa mikataba ya alama za kampuni moja peke yake. Mwaka 2010 Tume iliona Kampuni ya Bia Tanzania ina makosa na kuitoza faini ya asilimia 5 ya mapato yake ya mwaka. Kampuni ikakata rufaa. Mwaka huohuo kampuni ya Afrika Mashariki ya bia ilipotaka kuinunua Serengeti, ilipasa iachane na ile asilimia 20 yake, kwa kuwa haifai mtu mmoja awe na mkono katika nyumba mbili zinazoshindana.

Mfano wa pili ni wa saruji, na huu watuumiza sisi wa Kigoma zaidi, maana mfuko wa saruji hufika kwetu umekwisha kula nauli ya nchi nzima. Mwaka 2021 wenye saruji ya Twiga walitaka kununua asilimia 68 ya hisa za Saruji ya Tanga. Mwaka 2022 Tume ikaruhusu. Rufaa ikapelekwa, na mwezi wa Septemba mwaka huo Baraza likaitengua ruhusa ile, kwa sababu makampuni mawili hayo yakiwa pamoja yangepita alama ya asilimia 35 ya soko iliyokuwa imewekwa na sheria. Mwaka 2023 likaletwa ombi jipya, Tume ikaruhusu tena, ununuzi ukafanyika. Na mwaka 2024 hisa hizo zikauzwa kwa kampuni ya Amsons. Watu wengi waliuliza imekuwaje ombi lililokataliwa likarudi na kupita, nami naona waliuliza kwa haki. Mtumishi wa umma asikasirike akiulizwa. Lakini tazameni na upande wa pili: yote hayo yalifanyika mbele ya macho ya watu, kwa maandishi, kwa sababu kuunganika kwa makampuni kuna karatasi. Mtu atakayesoma atayaona.

Maharagwe ya Nyakitonto hayana karatasi. Tume ina ofisi katika miji mikubwa, na kutoka huko hata ikipanda mlima haiwezi kuona nyuma ya duka letu. Afisa wake akija siku moja atakuta ubao na bei moja, wanunuzi watamwambia kwamba ndiyo bei ya soko, naye hatakuwa na neno. Ni nani basi aliyeko hapa kila siku ya soko? Ni karani wa mizani, mtoza ushuru, mtendaji wa kijiji, bwana shamba, katibu wa chama cha ushirika. Ni sisi.

Na nisiseme maharagwe tu, kana kwamba ubaya wote uko sokoni. Nitasema na la ofisini, ingawa najua baadhi yenu mtajikuna vichwa. Ofisi ikitaka kununua karatasi au kutengeneza madawati, taratibu yataka bei za wauzaji watatu zilinganishwe. Nimepata kuona, katika ofisi moja nisiyoitaja, majalada ambayo barua tatu za maduka matatu zilikuwa na vichwa vitatu mbalimbali na mihuri mitatu mbalimbali, lakini neno “karatasi” limeandikwa “karatsi” katika zote tatu. Mkono mmoja uliandika zote. Duka la kwanza liliomba kiasi fulani, na mengine mawili yakaomba zaidi kidogo, ili la kwanza lishinde. Karani wa masjala alizipokea, akazipa namba, akaziweka katika jalada kwa unadhifu mkubwa. Hakuiba hata senti moja. Lakini alijua kusoma, Mabwana, na kosa lile la herufi lilimtazama usoni mara tatu.

Hiyo ndiyo njama katika zabuni. Watu wengine husema, “Hilo ni jambo la wafanya biashara, mimi nimepokea barua tu.” Na mara nyingine siye mfanya biashara aliyeanza, bali ni mmoja wetu aliyemwambia, “Niletee na mbili nyingine.” Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali zimekuwa zikipitia katika mtambo wa NeST, nao umepunguza mengi, maana mtambo haupokei barua chini ya meza. Lakini mtambo haunywi chai na watu. Wakipatana kwanza katika chai, kisha kila mmoja akaingiza bei yake kwa saa yake, mtambo utazipokea bei hizo kwa heshima zote.

Najua neno lililo mioyoni mwenu, kwa kuwa lilikuwa moyoni mwangu nilipokuwa kijana. Nalikuwa naogopa. Sikuogopa kupigwa, naliogopa kutoalikwa tena. Mnunuzi mmoja alikuwa akinipandisha katika gari lake nikienda Kasulu mjini, na mwingine alinikopesha fedha mama yangu alipougua. Hawakuwa watu waovu. Nao walikuwa na sababu zao: njia ilikuwa mbaya, mvua ikinyesha gari lilala siku mbili, na mnunuzi anayetoa bei kubwa peke yake aweza kupata hasara. Sababu hizo nilizisikia mara nyingi, na nyingine zilikuwa kweli. Ila hata moja haikumwingiza mama yule katika hesabu. Watu wote watatu walikaa pamoja kugawana hatari ya njia, kisha wakampelekea yeye peke yake ailipe.

Sasa iko sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sitawadanganya kwamba sheria hiyo itawapandisha katika gari kwenda Kasulu. Mtu akiandika, huenda akapoteza marafiki, na katika mahali padogo kama petu kila mtu atajua ni kalamu ya nani. Kwa hiyo nimeona jambo hili lisiwe la mtu mmoja mmoja. Nimemwomba Bwana Mwenyekiti, naye amekubali tulijadili baada ya chai, kwamba tawi letu liwe na daftari moja la bei, nalo lishikwe na wanachama watatu kwa zamu. Kila siku ya soko iandikwe tarehe, mazao, na bei aliyotoa kila mnunuzi, si bei ya ubao peke yake. Mwanachama akisikia mapatano kwa masikio yake, aandike maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, mahali, saa, na waliokuwapo, asiandike alivyodhani. Wakitokea wauzaji waliokubaliana kutomwuzia au kutomnunulia mtu fulani kwa pamoja, hilo nalo liandikwe. Yakikusanyika ya kutosha, barua itakwenda kwa Tume kwa jina la chama wala si kwa jina la karani wa mizani.

Wako watakaosema kwamba chama cha watumishi hakikuundwa kwa ajili ya maharagwe. Tutawasikiliza baada ya chai. Mimi nimeleta daftari, nimelinunua kwa fedha zangu, kurasa 96, na limo mezani kwa Bwana Katibu. Mwenye swali na aulize sasa.